Shahada na Shahidi Wake

Apandaye kutoka mji wa Kasese kwenda Kilembe huwa na mto Nyamwamba ubavuni mwake karibu njia nzima, na kama hakuwahi kufika huko kabla ya mwezi wa Mei 2013 atadhani kuwa majabali yale yaliyotapakaa kandokando ya maji, mengine yamefikia kimo cha ng'ombe, yamekuwapo mahali pale tangu Mola alipoiumba milima ya Rwenzori. Kumbe mengi ni mageni, yaliteremshwa na gharika, yakaja pamoja na magogo na tope na mabati ya nyumba za watu, yakapita kwa nguvu katika hospitali iliyojengwa bondeni zama za migodi ya shaba ili kuwatibu wachimbaji na ahali zao. Miaka saba baadaye, Mei 2020, wakati nchi nzima imefungiwa ndani kwa sababu ya maradhi ya korona, mto ulirudi usiku na kufanya maovu zaidi kuliko ya mara ya kwanza, hata ikawa hapana budi huduma za hospitali zihamishiwe mjini Kasese, katika majengo ambayo hayakujengwa kwa ajili ya wagonjwa.

Naikumbuka hospitali hiyo kila yanapowadia majira ya vyuo vikuu kutangaza nafasi za masomo, kwa kuwa katika matangazo hayo, yaliyopambwa kwa picha za vijana waliovaa makoti meupe yasiyo na doa, naona shahada za afya zikiongezeka mwaka hata mwaka, ya uuguzi, ya ukunga, ya famasia, ya maabara, ya afya ya jamii. Wala sijapata kuona tangazo hata moja linalotaja ni vitanda vingapi vya wagonjwa vitakavyomfundisha mwanafunzi, na ni nani atakayesimama karibu naye siku atakapoushika mkono wa mgonjwa kwa mara ya kwanza. Hoja yangu leo ni hiyo, nami nitaieleza kwa urefu kidogo, kwa idhini ya msomaji.

Sitaki nidhaniwe kuwa nazichukia shahada. Makerere ilianza mwaka 1922 kama chuo cha ufundi, ikaanza kufundisha utabibu mwaka 1924, na tangu hapo ikapita takriban miaka 70 ambamo muuguzi wa Uganda aliyetamani shahada ya kazi yake hakuwa na mlango wa kubisha nchini mwake, mpaka Makerere ilipomfungulia mwaka 1993. Kabla yake kidogo, mwaka 1989, chuo kikuu cha Mbarara kilikuwa kimeasisiwa kwa nia ya kutoa matabibu watakaoijua kazi ya vijijini, na baada yake vikafuata vingine vya serikali, vya makanisa na vya watu binafsi, hata leo kijana wa magharibi ya Uganda anaweza kuchagua baina ya Mbarara, Ishaka, Kabale na Fort Portal asiwe na haja ya kuiona Kampala. Hii ni neema, na mwenye kuikana neema hana insafu. Lakini tumefanya kama watu waliojenga msikiti wakaanza na minara miwili mirefu, wakasahau kuchimba kisima cha kutawadhia.

Tumchukue kijana wa Bulembia, kata ile ya juu ya manispaa ya Kasese ambamo Kilembe imo, ambaye babu yake aliingia mgodini katika miaka ile ya baada ya 1956, reli ilipofika Kasese na shaba ikaanza kusafirishwa kwenda kuyeyushwa Jinja, akabaki humo mpaka uchimbaji uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kijana amefaulu biolojia na kemia katika kidato cha sita. Akibahatika atapata moja ya nafasi takriban 4,000 ambazo serikali huzilipia kila mwaka, ambazo baadhi yake tangu mwaka 2005 hugawanywa kwa wilaya ili watoto wa mbali nao waonje. Asipobahatika ataomba mkopo wa elimu ya juu, ulioanzishwa mwaka 2014 na ambao huwapendelea wanaosoma sayansi. Na akikosa huku na huku, baba yake atakwenda kumwona mnunuzi wa kahawa kabla kahawa haijaiva, na kila mkulima wa mlimani anajua bei ya kahawa iliyouzwa ingali ua. Kisha kijana atapanda basi la kuelekea kusini, atavuka mstari wa ikweta katika mbuga ya Queen Elizabeth huku abiria wenziwe wamelala, na jioni atakuwa mwanafunzi wa shahada ya uuguzi.

Mwaka wa kwanza atasoma mifupa na mishipa, mwendo wa damu, kemia ya mwili. Haya husomwa katika vitabu na katika maabara, na mhadhiri mzuri huyafundisha vyema hata kama darasa lina watu 100, kwa sababu mfupa wa paja hauna haya wala maumivu, nao hukaa kimya ukielezwa. Sina neno na mwaka wa kwanza. Neno langu linaanzia asubuhi ile ambayo kijana, koti lake lingali na mikunjo ya dukani, anaingia wodi ya watoto na kukuta kitanda kimoja kina watoto wawili, mama zao wamekaa sakafuni, na muuguzi wa zamu ni mmoja.

Muuguzi huyo, ambaye wodi nzima humwita sista ijapokuwa hana utawa wowote, ndiye atakayemfundisha. Analetewa mtoto aliyeharisha siku tatu, macho yamezama, ngozi ukiivuta hairudi, na mishipa imejificha kama mijusi wakati wa baridi. Kitabu kimesema mtoto huyu atiwe maji kwa mshipa. Kitabu kimesema kweli. Lakini mshipa hauonekani. Sista anaupashia moto mguu wa mtoto kwa kitambaa chenye maji vuguvugu, anapapasa kwa ncha ya kidole akiwa ameangalia kando, kwa sababu ameshajua kwamba kidole huona vizuri zaidi jicho linapokaa mbali, kisha anamwambia kijana, weka kidole chako hapa, unasikia kitu kama uzi uliolowa? Ndio huo. Na kijana anausikia. Jambo hilo halikuchukua hata dakika mbili, na hapana ukumbi wa mihadhara katika Afrika Mashariki, hata ukijengwa kwa marumaru, unaoweza kumpa.

Ndivyo hivyo atakavyojifunza kuhesabu pumzi za kifua cha mtoto kwa dakika nzima bila kukata njia, na kumtambua mchanga aliyeacha kunyonya kuwa ni mgonjwa wa hatari kabla kipimajoto hakijasema lolote. Na akienda wodi ya wazazi, mkunga atamshika mkono amwekee juu ya tumbo la mama aliyejifungua sasa hivi, ili ajue tumbo la uzazi lililojikaza likoje na lililolegea likoje, kwa kuwa baina ya hali hizo mbili ndipo ulipo uhai wa mama anayevuja damu. Ilimu hii haikuandikwa yote, na iliyoandikwa haikai mwandikoni. Hupita baina ya mkono na mkono.

Baada ya kila jambo la namna hiyo, kijana humfuata sista na daftari lake la mazoezi, ambamo chuo kimeorodhesha idadi ya sindano, vidonda, mazalisho na dripu anazotakiwa kuzifanya, na sista, akiwa amesimama, aghalabu akilitegemeza daftari juu ya meza ya dawa, hutia sahihi. Hapo natamani kusita kidogo. Neno shahada tulilipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni ushahidi. Mwenye kutoa shahada ni shahidi, na shahidi ni mtu aliyeona kwa macho yake. Wanazuoni wa kale walipompa mwanafunzi ijaza, yaani idhini ya kufundisha alichosoma, aliyeitoa alikuwa mwalimu yule yule aliyeketi naye na kumsikia akisoma. Leo mkuu wa chuo, akiwa amevaa joho jekundu siku ya mahafali, hutoa ushahidi mbele ya umma kwamba kijana huyu ana uwezo wa kuangalia wagonjwa, ilhali yeye hakumwona akimwangalia hata mmoja. Aliyeona ni yule sista. Shahidi wa kweli hakualikwa mahafalini, na huenda wakati nyimbo zinaimbwa yeye yuko zamu.

Wala hapo sijafikia penye kuuma. Aghalabu ya masista hawa hawana shahada. Wengi wana astashahada, iliyowachukua miaka miwili na nusu, na wengine stashahada, na wameikamilisha elimu yao kwa miaka 15 au 20 ya zamu za usiku. Katika lugha ya Kiganda neno musawo humwenea kila anayetibu, awe daktari bingwa au muuguzi wa zahanati, na mgonjwa wa kawaida nchini Uganda hulitumia kwa wote bila kuuliza cheo; lakini mishahara haizungumzi Kiganda. Baada ya miaka minne ya chuo na mwaka wa utarajali, kijana yule aliyeonyeshwa mshipa atarudi akiwa juu ya aliyemwonyesha, naye akiwa mtu wa adabu atamwamkia kwa taadhima kama zamani, na akiwa si mtu wa adabu, wodi itajua kabla ya saa sita mchana. Sisemi asipande, elimu yake ya darasani ni ya haki na wodi inaihitaji, kwani yeye ndiye anayejua kwa nini dawa fulani haipatani na nyingine, naye ndiye anayeweza kusoma utafiti mpya na kuipinga desturi ya kale iliyokuwa ikiua watu kwa nia njema. Nasema tu kwamba aliyempandisha ameachwa chini akiishikilia ngazi.

Kuna watakaosema kuwa haya ni maneno ya huruma, na kwamba nchi haiendeshwi kwa huruma. Basi tuiache huruma tutazame hesabu ya mauti.

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kuwa Ebola imezuka katika Kivu ya Kaskazini, ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, ambapo kila siku ya soko watu wa Kasindi na watu wa Bwera huvuka na nguo, samaki na maharagwe, kwa kuwa Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni ndugu ambao mpaka uliwakuta nyumbani. Balaa hilo liliendelea mpaka Juni 2020, likawapata watu zaidi ya 3,400 na kuwaua zaidi ya 2,200. Uganda haikungoja, tangu Novemba 2018 ilianza kuwachanja wahudumu wa afya wa wilaya za mpakani, na hata ilipofika Juni 2019 walikuwa wamechanjwa takriban 4,700 katika vituo 165. Tarehe 9 Juni mwaka huo familia iliyopoteza babu kwa maradhi hayo huko Congo ilimfikisha mtoto wa miaka mitano katika hospitali ya Kagando, hospitali ya kanisa iliyopo wilaya ya Kasese. Mtoto ana homa, mtoto anatapika. Kwa mwaka mzima huja Kagando watoto wa namna hiyo kwa mamia, na karibu wote ni malaria. Lakini wahudumu waliomwona huyu walimtilia shaka, wakauliza mmetoka wapi na nani amefariki, na mtoto akapelekwa Bwera, katika chumba kilichotengwa kwa ajili hiyo. Tarehe 11 maabara ikathibitisha. Mtoto alifariki, na bibi yake na mdogo wake wa miaka mitatu nao wakafariki, Mungu awarehemu. Lakini maradhi hayakumwambukiza mtu mwingine yeyote ndani ya Uganda.

Nawaomba wakuu wa vyuo waitafakari saa ile moja ya Kagando. Hapakuwa na profesa. Palikuwa na watu wa wodi, wenye vyeti vya daraja mbalimbali, ambao walikuwa wameandaliwa, wamechanjwa, wamefunzwa pale pale kazini, na ambao macho yao yalikuwa yamezoea kuona homa elfu moja hata wakaweza kuitambua ya elfu na moja. Na nawaomba pia wamkumbuke Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu, ambaye mwaka 2000 alishtushwa na vifo visivyoelezeka, na miongoni mwa waliotangulia kufa walikuwamo wanafunzi wa uuguzi. Aliutambua ugonjwa kuwa ni Ebola, akaongoza vita dhidi yake, na tarehe 5 Desemba mwaka huo ukamchukua na yeye. Mwanafunzi wa afya si mtazamaji wa wodi. Yumo ndani yake kwa damu na pumzi, na chuo kinachompeleka huko bila kujua nani atamsimamia kinampeleka kama mwenye kumtupa mtoto majini ili ajue kuogelea.

Isitoshe, elimu yenyewe tunayoisifia, ambayo vyuo hujivunia katika vipeperushi vyao, sehemu yake kubwa ilitoka katika wodi za shamba. Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, ambaye jina lake limepewa saratani ya taya za watoto, hakuipata sifa yake kwa kukaa Kampala. Mwaka 1961, pamoja na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson, alitia vitu vyake ndani ya gari akasafiri majuma kumi na maili 10,000, akipita hospitali moja baada ya nyingine mpaka kusini ya Afrika, akiwauliza madaktari na wauguzi wa huko, je, mmeona mtoto wa namna hii? Na karibu na Kasese, upande wa pili wa mlima, katika nchi ya Bwamba, ndiko watafiti Lehmann na Raper walikokwenda kupima damu, na mwaka 1949 wakaeleza kwamba Baamba wengi walikuwa na alama ya selimundu katika damu yao, jambo lililowasaidia wataalamu wa dunia kufahamu uhusiano wa damu hiyo na malaria. Milima hii imekwisha kuifundisha dunia. Ajabu ni kwamba watoto wake hulazimika kuihama ili wakafundishwe.

Kufundisha kando ya kitanda cha mgonjwa si jambo geni, wala halikubuniwa na Wazungu wa juzi. Katika bimaristani, yaani hospitali, ya Nuri iliyojengwa Damascus mwaka 1154, Ibn Abi Usaybia, aliyeandika habari za matabibu, anatueleza juu ya tabibu mkuu Abu al-Majd, ambaye alikuwa akizunguka kwa wagonjwa mmoja mmoja, akitazama hali zao na kuamrisha dawa, kisha huja kukaa katika ukumbi mkubwa, matabibu na wanafunzi wakamzunguka, na humo wakasoma vitabu na kujadiliana kwa muda wa saa tatu. Utaratibu wake ulikuwa kitanda kwanza, kitabu baadaye, na vyote viwili chini ya paa moja. Tungekuwa na wivu mwema, tungemwonea wivu mwanafunzi wa Damascus wa karne ya 12.

Sasa Kilembe. Mimi naamini kuwa pahali pa kufundishia afya pazuri kama bonde lile ni nadra kupatikana, na nashangaa kuwa husemwa habari zake kwa masikitiko tu. Pana mabaki ya machimbo yaliyoachwa kandokando ya mto, na watafiti waliopima udongo, maji na vyakula vya wakazi wamekuta shaba, kobalti na madini mengine kwa kiasi cha kutia hofu katika baadhi ya sehemu. Mwanafunzi wa afya ya jamii anataka somo gani kubwa kuliko hilo? Pana wazee waliotoboa miamba ujanani mwao, na mwanafunzi akimkuta mmoja anakohoa, atajifunza kumwuliza swali ambalo Bernardino Ramazzini wa Italia aliwausia matabibu tangu mwaka 1700 na ambalo wengi wetu hatuliulizi mpaka leo: kazi yako ilikuwa nini? Pana mto unaofurika, pana kambi na makazi mapya ya waliohamishwa, pana vijiji vya juu mlimani ambako mjamzito hushushwa kwa machela na vijana wanaopokezana. Na pana lugha.

Juu ya lugha nitasema machache kwa kuwa nimelisema jambo hili mara nyingi mpaka rafiki zangu wamechoka. Katiba ya Uganda tangu marekebisho ya mwaka 2005 imekifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe; lakini kijana wetu atasoma shahada nzima kwa Kiingereza, kisha atakaa Bwera mbele ya mama aliyevuka kutoka Beni, ambaye hajui Kiingereza, na ambaye Kiswahili chake cha Congo ndicho daraja lililopo baina yao wawili. Swali la ulianza lini kuumwa ni dawa nusu. Wauguzi wa Bwera huliuliza kila siku, kwa Kikonzo, kwa Kiswahili, kwa vidole, na hakuna aliyewahi kuwapa alama kwa ajili ya hilo.

Nataka nini basi? Nataka kila chuo kinachofungua shahada ya afya kifunge mkataba wa wazi na hospitali zinazowafundisha wanafunzi wake, na sehemu ya ada iende huko moja kwa moja, isipitie mikono mingi, kwa maana fedha ni kama maji ya mfereji wa udongo, kila kipande cha njia hunywa chake. Nataka muuguzi anayefundisha wodini apimwe uwezo wake wa kufundisha, na akifaulu apewe jina la ukufunzi na ujira wake, na kuwepo njia ya yeye kuipata shahada akiwa pale pale Kasese, mhadhiri akimfuata badala ya yeye kuacha watoto, mshahara na wagonjwa ili amfuate mhadhiri. Nataka hospitali ya Kilembe ijengwe upya mahali ambapo mto hauwezi kuifikia, na ijengwe tangu msingi ikiwa hospitali ya kufundishia, yenye bweni la wanafunzi na chumba cha vitabu, badala ya kurudishiwa vilivyochukuliwa na maji na kusema tumemaliza.

Nimekwisha kusikia pingamizi. La kwanza ni kuwa mwenye stashahada hawezi kumfundisha anayetafuta shahada, kwamba ngazi haipandwi kwa kuanzia chini ya ardhi. Hili ningelikubali kama lisingekuwa linatendeka kila siku. Vyuo vimekwisha kukubali kuwa anaweza, maana vinaipokea sahihi yake daftarini, vilichokataa ni kumtaja na kumlipa. La pili ni kuwa vyuo vina mpango wao wa kuwapeleka wanafunzi vijijini, na ni kweli: Makerere iliufanya kuwa sehemu ya mtaala wake tangu mwaka 2003, na Mbarara iliona hivyo tangu awali. Nauheshimu mpango huo. Lakini majuma machache ya kwenda kijijini na basi la chuo, na kuandika ripoti, na kurudi, hayawi makazi. Mgeni siku ya kwanza mpe mchele na panza, husema wahenga, na mwanafunzi wa majuma manne haondoki katika siku hiyo ya kwanza. La tatu ni fedha. Hapa sina jibu la kumfurahisha waziri, ila namkumbusha kuwa kila mwaka pana wahitimu wanaokaa nyumbani miezi kwa miezi wakingoja kupangiwa hospitali za utarajali, na pana migomo ya posho zao, na kusubiri huko nako kuna gharama, ijapokuwa haiandikwi katika bajeti, kwa vile hulipwa na wazazi.

Siku chache zilizopita nilionyeshwa stakabadhi ya ada ya mwanafunzi wa mwaka wa pili wa moja ya shahada hizi, wa chuo ambacho sitakitaja. Ilikuwa ndefu na yenye nidhamu. Palikuwa na ada ya masomo, ada ya mitihani, ya maktaba, ya kitambulisho, ya michezo, ya serikali ya wanafunzi, ya intaneti, na kiasi kidogo cha maendeleo, ambacho sikuelewa ni maendeleo ya nani. Nikamwuliza kijana, wodini mnakokwenda mmelipia nini? Akafikiri, akasema kuwa kila mwanafunzi ameagizwa aje na boksi lake la glavu. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo dogo, kwamba wiki ile glavu za wodi zilipokwisha, sista alikuwa amenunua boksi mbili kwa fedha zake, na yeye alikuwa bado hajamrudishia.